Wingi wa Upepo

Wa kwanza kuniona walikuwa watu wa kijiweni, na laiti ningepewa nafasi ya kuchagua, wangekuwa wa mwisho. Mchana kweupe nilikuwa natimua mbio katikati ya barabara, kitambi kimetangulia, miwani imehamia kwenye paji la uso, mkononi nimeshika kandambili moja ya kike. Mbele yangu anakwenda bibi mmoja wa heshima zake, mguu wa kulia una kandambili, wa kushoto mtupu, na kila nikimkaribia anaongeza mwendo. Mimi nyuma nampigia ukelele kwamba asimame, hizi ni pepo za kawaida tu. Kwa mtu mzima mwenye wajukuu, hiyo si sentensi ya kuipiga barabarani.

Bibi akakata kona, akapotea. Nikabaki nimesimama mbele ya benchi, nahema kama mvukuto wa mhunzi. Hakimu akaitazama kandambili, akanitazama mimi, akatoa hukumu kwamba haiwezi kunitosha.

Kijiwe chenyewe hakina makuu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali nje ya kibanda cha kinyozi, umebonyea katikati kiasi kwamba watatu mkikaa mnajikuta mmekuwa ndugu. Kinyozi ndiye huyo tunayemwita Hakimu, kwa sababu hukata kwanza, utetezi husikiliza baadaye. Mkabala naye yuko fundi redio, jina lake Mawimbi. Redio mbovu zimekwisha mtaani, kwa hiyo siku hizi anatengeneza mazungumzo, na hakuna jambo duniani, kuanzia mvua hadi talaka, asiloweza kulieleza kwa mawimbi. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote ila hukemea kama wa wote. Mimi wananiita Masafa. Niliendesha malori ya masafa marefu mpaka magoti yakaomba likizo, na nina ugonjwa mmoja: ukiniuliza saa ngapi, naanza na ng'ambo ya mpaka.

Sikuwaeleza kitu wakati ule. Nilirudi nyumbani kimya kimya, nikakuta mambo yameharibika zaidi ya nilivyoyaacha. Alasiri nikatokea tena kijiweni, safari hii nikitembea, kandambili ya watu imechomekwa mfuko wa nyuma wa suruali. Nikaagiza kahawa, nikasema nimekuja kuomba ushauri. Ungeona walivyosogea. Watu wa kijiweni wanaweza kukunyima nafasi ya kukaa, lakini ushauri hawajawahi kumnyima mtu.

Kisa kilikuwa hivi. Baada ya kuacha usukani niliamua kuwa seremala, nikageuza chumba cha nyuma kuwa karakana. Nikanunua mashine ya upepo: tangi lenye tumbo kama la mbuzi mwenye mimba, mota juu yake, na saa ya kuonyesha upepo umejaa kiasi gani. Mtu mwingine angeiweka pembeni, akachomeka mpira, akaanza kazi. Mimi nimetembea, bwana. Nimeona karakana za watu huko ambako upepo hauburutwi sakafuni kwa mpira. Unazunguka ukutani kwa mabomba ya chuma, na kila mahali pa kazi pana koki yake. Nikasema na mimi ni mtu. Nikatoboa kuta, nikafunga mabomba, nikayapa mteremko kidogo ili maji yanayojikusanya humo yateremke yenyewe mpaka kwenye koki ya kuyatolea. Nikaweka matawi matatu: la kupulizia rangi, la kupigia misumari, la kupulizia vumbi.

Siku hiyo mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa na mgeni, rafiki yake wa siku nyingi. Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Na kwa kuwa mama mkwe ni mtu wa Kiswahili kilichonyooka, na mimi changu kimepindapinda kwa kupita mipaka mingi, nikajiandaa. Nikajiambia: upepo mmoja, lakini mimi ninazo njia tatu, na ubao wingi wake mbao, ukucha wingi wake kucha. Nikafungua mlango wa karakana kama mwenye hoteli, nikatandaza mikono:

— Karibuni mjionee, mama zangu. Humu ndani nimefunga pepo tatu.

Mashine hii ina swichi inayoiwasha yenyewe upepo ukipungua. Ikachagua sekunde ileile. Ikakohoa mara mbili gizani, halafu ikanguruma.

Mgeni hakuaga. Alichoacha ni ile kandambili, na hapo ndipo nilipoanza mbio mlizoziona. Niliporudi nilimkuta mama mkwe amemaliza chai yake taratibu, ameosha kikombe, amekifunika, ameshika mfuko wa nguo. Akasema anakwenda kwa bintiye mdogo, mtaa wa pili. Hakusema kwa nini. Mke wangu aliporudi na kusikia, hakupandisha sauti, na mliooa mnajua sauti isiyopanda inavyotisha. Aliniambia neno moja tu: chakula cha jioni kikipakuliwa mama awe ameketi mezani kwetu, la sivyo mashine inaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Na alikwishampigia simu apitie.

Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na mambo mawili, na yote nayapenda. Mashine ni ndoto yangu. Na mama mkwe, wacha niseme ukweli, ndiye mtu pekee nyumbani anayekuja karakana bila kuniuliza nitamaliza lini. Hukaa kwenye kigoda, akanishikia ncha ya utepe wa kupimia, akanisikiliza habari za mipaka kama hajawahi kuzisikia.

Hakimu alisikiliza hadi mwisho, jambo la ajabu kwake. Halafu akasema kesi ni nyepesi: mama wa watu amedhani namfungia mashetani nyumbani, na dawa yake ni mimi kwenda kumweleza kwamba sauti ya mashine haidhuru mtu.

— Wahenga wamesema, kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji.

— Kwa hiyo tembo ni mama mkwe wangu?

Hakimu akakung'uta nywele kwenye kitambaa chake kwa muda mrefu. Mwishowe akasema methali huchukuliwa kwa jumla, haichambuliwi rejareja.

Mawimbi ndiye aliyeuliza swali nililoliogopa: kwa nini inajiwasha yenyewe? Nikamweleza kama nilivyoelezwa na fundi bomba, kwamba kuna kiungio kinavuja. Upepo unatoka kidogo kidogo, saa inashuka, swichi inaamka, mota inajaza, inalala. Nikamweleza pia kwamba kwa majuma kadhaa nimekuwa nikipaka povu la sabuni kwenye viungio vyote. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Nimeviziba vyote isipokuwa kimoja kilichojificha, na sabuni ya kufulia ya mke wangu imekwisha, na hilo nalo limo kwenye mashtaka.

Mawimbi akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema maelezo yangu ni mepesi mno kwa tatizo zito namna hii. Bomba la chuma linalozunguka chumba chote si bomba tena, ni waya wa kunasia mawimbi. Mtaa huu una simu ngapi? Kila mtu akimpigia mwenzake, mawimbi yanapita kwangu.

— Mashine yako inapokea, Masafa.

— Inapokea nini?

— Simu za watu. Kwani haianzi kwa kukohoa?

Hapo, nakiri, niliyumba kidogo, maana mimi mwenyewe sijawahi kupokea simu bila kukohoa.

Shangazi aliyekuwa akipepea mkaa akataka kujua habari ya maji. Nilikuwa nimesema kuna koki ya kutolea maji. Sasa maji yanaingilia wapi ikiwa ninachojaza ni upepo mtupu? Nilianza kumweleza unyevu uliomo hewani, lakini alikwishapata jibu lake. Alisema mtu yeyote ukimshindilia namna ile ndani ya tangi atatoka jasho. Kisha akafikiri tena, akasahihisha: pengine si jasho, ni machozi. Akasema chururu si ndo ndo ndo, na hakuna aliyethubutu kuuliza ina maana gani hapa. Mama yeyote aliyelea watoto, alisema Shangazi, hawezi kulala jirani na kitu kinacholia. Lazima aamke. Akiamka aone ni tangi, ataondoka.

Ikawa zamu ya Hakimu tena, na safari hii alisimama, kitambaa begani.

— Hewa unayoijaza, unaitoa wapi?

— Hapohapo karakana.

— Ya karakana ikipungua?

— Inaingia ya nje.

— Nje kwa nani?

Hakimu akaendelea polepole, kama mtu anayesoma hukumu ndefu. Tangu mashine hii ifungwe, wateja wake wanapiga miayo kwenye kiti. Alidhani ni mazungumzo yake. Kumbe ni uhaba. Shangazi naye akakiri kwamba siku hizi mkaa wake umekuwa mvivu kushika. Mawimbi, asiyependa kupitwa, akasema hata sauti kwenye redio zimekuwa nyembamba. Ikaonekana wazi kwamba mimi, bila kumwomba mtu ruhusa, nimeshindilia hewa ya mtaa mzima ndani ya tumbo la mbuzi, na mama wa watu hakukimbia pepo, bali aliishiwa na pumzi.

Na kama vile shetani, wa kweli sasa, si wa sarufi, alikuwa akitusikiliza, simu yangu ikalia, umeingia ujumbe. Ulitoka kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Ni mtu mwema, lakini tangu siku tulipooa nyumba moja tunashindana nani mkwe bora, na leo alikuwa ameshinda bila kutoka jasho. Aliandika: Mama amefika salama, anapumzika vizuri. Nikausoma kwa sauti ili wanionee huruma.

— Umesikia? — akasema Hakimu. — Anapumzika. Neno lenyewe lina pumzi ndani.

Baada ya hapo ushauri ulimwagika. Mawimbi alitaka nitoboe ukuta wa nje, nifunge koki, na kila jioni niwarudishie watu hewa yao. Shangazi alisema niibembeleze mashine, niipe na jina zuri. Hakimu akasema hapana, kosa langu la asili ni kwamba mashine iliingia nyumbani bila kutambulishwa. Atafutwe mshenga, mashine ifunikwe shuka jipya, mama aitwe, atambulishiwe rasmi. Walipofika kwenye kugombania nani awe mshenga, mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu ukasimama mbele yetu. Mwenyewe akasalimia, akaagiza kahawa, akaniuliza kwa adabu sana kama tangi linakwenda pamoja na mota au mota nitabaki nayo.

Nilikuwa bado natafuta jibu nilipoona benchi zima linanyanyuka. Mama mkwe alikuwa anakuja, mwendo wake uleule wa mtu asiyefukuzwa na chochote, mfuko wa nguo mkononi. Shikamoo zikamwagika. Akapewa katikati ya benchi, pale palipobonyea, akaketi bila kuwa ndugu wa mtu. Shangazi akammiminia kikombe, na birika likagugumia kuonyesha ndiyo mwisho wake.

Akasema amekuja kuchukua kandambili ya rafiki yake. Nikaichomoa mfukoni, nikaifuta vumbi, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwuliza na huo mfuko je, kwani mwanyumba amesema anapumzika vizuri. Alisema mwanyumba wangu anatazama mpira, na televisheni yake ina kelele kuliko mashine yangu, tena yenyewe ina maneno.

Nikaona mlango umefunguka. Nikaanza kumwomba radhi kwa lile neno. Nikasema sikukusudia, nilitaka tu kusema wingi wa upepo, yaani nikiwa na upepo huu na upepo huu na…

Akainua kiganja.

— Upepo, pepo. Ubao, mbao. Ukuta, kuta. Mkwe, ulidhani nimekimbia sarufi?

— Rafiki yako alikimbia, mama.

— Yule masikio yake mazito. Mimi nilikusikia. Ulisema pepo tatu, hukusema pepo watatu.

Nilimwona Mawimbi akihesabu kimya kimya midomoni, tatu, watatu, tatu, na sura yake ikafunguka kama mtu aliyenasa stesheni. Hakimu hakukubali kushindwa kesi kirahisi. Kwa niaba ya kijiwe akamwuliza mama kama basi hakupungukiwa na hewa. Mama mkwe akamwuliza kama anajisikia vizuri.

Halafu akanigeukia mimi, akaongea kwa sauti ndogo, ya nyumbani. Kitanda chake, alisema, kimeegemea ukuta. Ukuta huo upande wa pili ndio niliofungia mabomba yangu. Mchana hana neno, mchana ni wa kazi. Lakini usiku likiamka lile dude ukuta unatetemeka, kitanda kinatetemeka, na glasi anayowekea meno inatembea juu ya meza mpaka inabidi aamke aikamate. Likinyamaza, naye ndipo usingizi umekwisha. Hakutaka kusema kwa sababu aliniona nilivyofurahi na mabomba yangu, na tangu niache lori hakuwa ameniona nikifurahi hivyo. Ila leo liliponguruma mbele ya mgeni, akajiambia si vibaya akalale mahali pengine walau siku mbili tatu.

Chumba chetu kiko upande mwingine wa nyumba. Mimi na mke wangu tunakoroma kwa zamu na hatusikii kitu. Nilitamani benchi libonyee zaidi linimeze.

Wenzangu wakaingilia kunisaidia. Mawimbi akasema godoro kuukuu lizungushwe kwenye tangi. Hakimu akasema kitanda cha mama kihamishwe katikati ya chumba, kikae mbali na kuta zote kama kisiwa. Shangazi akasema mashine ndiyo ihamishwe, ipelekwe kwa mwanyumba ikashindane na televisheni. Mama aliwaacha wamalize, akanywa funda moja.

— Hiyo mashine, mkwe, mpaka leo imetengeneza nini?

Nikamwambia imepuliza vumbi.

— Vumbi la nini?

— La kutoboa ukuta, nilipokuwa naifunga.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akachekea ndani ya kikombe, kahawa ikamrukia puani.

Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama kama anavyonitazama karakana, ncha ya utepe mkononi, akisubiri niseme ni ngapi.

— Na usiku, kwa nini huizimi?

Hakimu akamtazama Mawimbi, Mawimbi akatazama juu. Alasiri nzima tulikuwa tumepita kwenye simu za watu, machozi ya tangi na hewa ya mtaa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kinachowashwa huwa pia kinazimwa.

Mimi jibu nilikuwa nalo, ila sijawahi kulisema mbele ya watu. Lori kubwa breki zake ni za upepo. Likilala usiku na upepo ukaisha, asubuhi haliondoki. Magurudumu yameshikwa, unawasha injini, unakaa kitako kusubiri mshale wa saa ya upepo upande, na wenzako wanakupita wakipunga mkono. Lakini ukiamka ukakuta mshale uko juu, wewe ndiye wa kwanza barabarani, wa kwanza kwenye foleni ya mpaka, dunia ni yako. Ujana wangu wote niliamkia mshale huo. Siku hizi vilevile: nikifungua macho, kabla ya kunawa uso, naingia chumba cha nyuma kutazama saa ya tangi. Nikikuta imejaa, nasikia raha ambayo siwezi kumweleza mtu aliyelala kitanda kimoja maisha yake yote. Nikiizima usiku, kwa jinsi inavyovuja, asubuhi ningekuta mshale umelala.

Hayo yote sikuyasema. Nilisema:

— Ili asubuhi nikute upepo umejaa, mama.

Akaweka kikombe chini. Hakuwa ananidhihaki, angekuwa ananidhihaki ningejua la kujibu.

— Asubuhi unakwenda wapi?

Watu wote wakaningoja. Mimi Masafa, niliyelala kwenye mipaka ambayo walinzi wake walinijua kwa jina la utani, nikatafuta kichwani jina la mji, hata mdogo, hata kituo cha mafuta. Mnunuzi wa vyuma naye akaacha kufuta pua, akasikiliza.

— Siendi popote, mama.

Akasimama, akanisukumia mfuko wake wa nguo kifuani.

— Basi izime.